Posho ya Mefiboshethi: Historia Fupi ya Msaada wa Serikali kwa Wanafunzi Wenye Ulemavu

Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 9, tunasoma habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani na mjukuu wa Sauli. Alikuwa na umri wa miaka mitano siku zilipofika habari za kifo cha baba yake na babu yake. Yaya wake alimchukua akakimbia naye, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akalemaa miguu yote miwili. Miaka mingi baadaye Mfalme Daudi alimwita kutoka Lo-debari, akamketisha mezani pake kama mmoja wa wana wa mfalme. Habari hii tunaihubiri mara nyingi, na tunaipenda kwa sababu ya ile meza.

Lakini Daudi hakutoa meza tu. Alimrudishia Mefiboshethi mashamba yote ya Sauli, akaagiza Siba, wanawe 15 na watumishi wake 20 wayalime na kuleta mavuno. Kwa lugha ya leo, mfalme alitenga fungu. Alielewa kwamba mtu asiyeweza kulima kwa miguu yake anahitaji zaidi ya kukaribishwa: anahitaji mikono ya kumsaidia, na mikono hiyo inahitaji kulipwa.

Mahubiri mengi huishia hapo. Anayeendelea hadi sura ya 16 anakuta jambo la kusikitisha. Daudi yuko njiani akimkimbia Absalomu; Siba anamletea punda, mikate na divai, kisha anasema kwamba Mefiboshethi amebaki Yerusalemu akitumaini kuupata ufalme. Papo hapo mfalme anampa Siba mali yote. Mwenye posho hakuitwa wala hakuulizwa. Katika sura ya 19 Mefiboshethi anapata nafasi ya kujieleza: alitaka kutandikiwa punda amfuate mfalme, lakini mtumishi wake akamwacha na kumsingizia. Daudi anasikia, kisha anaamua kwamba mashamba yagawanywe. Kilichotolewa chote kwa wema kiliondolewa chote kwa uvumi, kikarudi nusu.

Wahubiri tumezoea kumsifu Mefiboshethi kwa kujibu kwamba Siba na achukue vyote, maadamu mfalme amerudi salama. Ni jibu zuri. Hata hivyo, unyenyekevu wa aliyeonewa haumwondolei mfalme wajibu wake. Swali linabaki: je, msaada ambao mtu hawezi kuishi wala kusoma bila huo uachwe utegemee moyo wa mtoaji siku hiyo, au uwekewe ulinzi?

Katika insha hii tunalifuata swali hilo katika historia ya wanafunzi wenye ulemavu wa vyuo vikuu vya Marekani. Tumeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, huko tunaona hatua kwa hatua jinsi msaada wa serikali ulivyopatikana, ulivyotishiwa na ulivyolindwa. Pili, katika wiki moja ngumu ya historia hiyo usharika mmoja wa Kilutheri ulifungua mlango wake, nasi Walutheri wa Tanzania tuna la kujifunza hapo.

Sanduku lenye kufuli nne

Kabla ya kuvuka bahari, tukumbuke urithi wetu wenyewe. Mwaka 1523 mji mdogo wa Leisnig, katika Saxony, ulipanga kuwa na sanduku la pamoja. Mapato ya kanisa yangewekwa humo ili kulipia mchungaji, shule, na watu wasioweza kujitafutia riziki kwa sababu ya ugonjwa au uzee. Martin Luther aliliandikia pendekezo hilo dibaji, akalisifu kama mfano kwa miji mingine. Sanduku lile liliagizwa liwe na kufuli nne. Ufunguo mmoja ungekaa kwa waungwana, wa pili kwa baraza la mji, wa tatu kwa wakazi wa mjini, na wa nne kwa wakulima wa vijijini. Hakuna mmoja ambaye angeweza kulifungua peke yake.

Mwaka uliofuata, 1524, Luther aliwaandikia madiwani wa miji yote ya Ujerumani kuhusu shule. Hoja yake ilikuwa rahisi: ikiwa mji unatumia fedha nyingi kila mwaka kwa silaha, barabara na madaraja, kwa nini usitumie fedha kwa vijana maskini? Kwake, fedha za umma kwenda kwa mwanafunzi hazikuwa sadaka ya mkuu wa mji. Zilikuwa sehemu ya kazi ambayo Mungu ameipa serikali. Basi mtu akituambia kwamba Kanisa halihusiki na bajeti ya elimu, tumjibu kwa upole kwamba Walutheri tulianza kuizungumzia miaka 500 iliyopita.

Mwanafunzi aliyelala hospitalini

Edward Roberts, aliyeitwa Ed, alizaliwa California mwaka 1939. Akiwa na miaka 14 aliugua polio, mwili ukapooza kuanzia shingoni, akabaki na nguvu kidogo katika vidole vichache tu. Usiku alilala ndani ya chombo kikubwa cha chuma kilichomsaidia kupumua. Alipomaliza masomo ya sekondari, shule ilisita kumpa cheti kwa sababu hakuwa amefanya somo la michezo wala la kuendesha gari. Mama yake alipigania jambo hilo hadi cheti kikatolewa.

Roberts alisoma kwanza katika chuo cha karibu na nyumbani, kisha akaomba kwenda Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Jimbo lilikuwa na Idara ya Utengamao iliyogharimia masomo ya watu wenye ulemavu ili wapate kuajiriwa. Idara ilimkatalia. Ilisema ulemavu wake ni mkubwa mno, hataweza kufanya kazi kamwe, kwa hiyo kumsomesha hakuna faida. Walimu waliomfahamu walilipeleka jambo hilo magazetini, na idara ikabadili uamuzi. Mwaka 1962 Roberts aliingia Berkeley. Kwa kuwa hakuna bweni lililoweza kukipokea chombo chake cha kupumulia, alipangiwa chumba katika hospitali ya Cowell, ndani ya eneo la chuo.

Tuangalie vizuri yaliyotokea hapo. Akili ya kijana huyu haikuwa na mashaka. Kilichokuwa kikipimwa ni kama anastahili kugharimiwa, na mpimaji alikuwa ofisa mmoja mezani kwake. Alisema hapana, na ingeishia hapo kama magazeti yasingepiga kelele.

Wanafunzi wengine wenye ulemavu mkubwa walimfuata. Mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa wamefika karibu 12 pale Cowell. Ndipo mshauri mpya wa idara alipotaka wawili kati yao waondolewe, kwa maelezo kwamba maendeleo yao hayaridhishi. Wenzao walielewa kwamba leo ni wawili na kesho ni wote. Walisimama pamoja, wakaeleza shauri lao hadharani, na mpango ule ukaachwa.

Kutokana na tukio hilo walijifunza kwamba kupokea msaada hakutoshi, wapokeaji lazima wawe na sauti katika jinsi unavyotolewa. Mwaka 1970, kwa fedha za serikali kuu, walianzisha chuoni hapo mpango wa huduma ulioongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Mpango uliwatafutia wanafunzi wasaidizi wa kuwavisha na kuwalisha, ukatafuta nyumba zinazofikika, na ukatengeneza viti mwendo vilivyoharibika. Mwaka 1972 walianzisha kituo cha namna hiyo kwa ajili ya wakazi wa mji mzima wa Berkeley. Na mwaka 1975 gavana wa California alimteua Ed Roberts kuwa mkurugenzi wa Idara ya Utengamao, ileile iliyosema hataajiriwa kamwe.

Usharika uliofungua mlango

Mwaka 1973 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Utengamao. Kifungu chake cha 504 kilieleza kwa maneno machache kwamba mtu mwenye ulemavu aliye na sifa asitengwe wala asinyimwe manufaa katika mpango wowote unaopokea fedha za serikali kuu. Karibu vyuo vikuu vyote hupokea fedha hizo. Kwa hiyo kifungu kilimgusa mwanafunzi kiziwi anayehitaji mkalimani wa lugha ya alama, asiyeona anayehitaji vitabu vya nukta nundu, na anayetumia kiti mwendo ambaye darasa lake liko ghorofani.

Lakini sheria bila kanuni ni kama ahadi ya harusi bila tarehe. Wizara ya Afya, Elimu na Ustawi wa Jamii haikutia sahihi kanuni za kutekeleza kifungu hicho, mwaka baada ya mwaka. Vyuo na hospitali viliogopa gharama. Serikali mpya ya Rais Carter ilipoingia mwaka 1977, Waziri Joseph Califano alitaka muda wa kuzipitia upya. Watu wenye ulemavu waliogopa kwamba zingelegezwa. Katika mjadala ule lilitolewa wazo kwamba vyuo vya eneo moja vigawane mzigo, ili mwanafunzi mwenye ulemavu asome somo moja chuo hiki na lingine chuo kile. Anayejua shida ya kumpakia mtu mwenye kiti mwendo garini mara moja kwa siku ataelewa kwa nini walilikataa.

Tarehe 5 Aprili 1977 waliingia katika ofisi za wizara hiyo katika miji kadhaa. Kwingine walitoka baada ya muda mfupi. Mjini San Francisco watu zaidi ya 100 walibaki ndani zaidi ya wiki tatu, wakiongozwa na Judith Heumann, Kitty Cone na wenzao. Heumann alikuwa ameugua polio utotoni, na shule ya mtaani kwao ilimkataa kwa madai kwamba kiti chake kingekuwa hatari moto ukitokea. Wengi wa waliobaki walihitaji dawa, wasaidizi, na mtu wa kuwageuza usiku ili wasipate vidonda. Simu zilipokatwa, viziwi walipeleka habari kwa lugha ya alama kupitia madirishani. Chama cha Black Panther kililetea umati huo chakula cha moto. Kanisa la Glide Memorial la mjini hapo lilisimama nao pia.

Kisha ujumbe wao ulisafiri kwenda Washington kumtafuta waziri ana kwa ana. Huko walipokelewa na usharika wa Kilutheri wa Luther Place, kanisa la katikati ya mji ambalo mbele yake sanamu ya Luther imesimama tangu mwaka 1884. Humo ndimo walimolala. Chama cha wafanyakazi kiliwapatia lori la mizigo la kuwasafirisha, viti mwendo na watu wake, na usiku wakaenda kukesha kwa mishumaa na nyimbo mbele ya nyumba ya waziri. Tarehe 28 Aprili 1977 Califano alitia sahihi kanuni bila kuzilegeza.

Tusilikuze tendo la usharika ule kupita kiasi. Hawakuandika sheria wala hawakuongoza maandamano. Walitoa mahali pa kulala kwa watu waliokuwa wakidai haki yao wenyewe, wakawaachia wenyewe waseme. Katika Marko sura ya 2, wale wanne waliobomoa dari hawakumponya rafiki yao. Kazi yao ilikuwa kumfikisha mbele ya aliye na mamlaka. Kazi kama hiyo usharika wowote unaiweza.

Kulinda ni kazi isiyoisha

Ushindi wa mwaka 1977 haukufunga mjadala. Miaka minne baadaye serikali ya Rais Reagan iliunda kikosi cha kupunguza kanuni, na kanuni za Kifungu cha 504 zikawa miongoni mwa zilizolengwa. Watu wenye ulemavu na wazazi wao waliandika makumi ya maelfu ya barua, na mwaka 1983 mpango huo ukaondolewa. Mwaka 1984 Mahakama Kuu ya nchi hiyo, katika shauri la Grove City, chuo cha Kikristo, iliamua kwamba masharti ya fedha za serikali yanakibana kitengo kinachozipokea tu, si chuo kizima. Bunge likarekebisha jambo hilo kwa sheria mwaka 1988, likipita juu ya kura ya turufu ya rais. Mwaka 1990 ikaja sheria pana zaidi kuhusu watu wenye ulemavu, lakini iliziacha nje taasisi za dini. Na bado mwaka 2024 majimbo 17 yalifungua shauri ambamo Kifungu cha 504 chenyewe kilipingwa.

Tunaona basi kwamba sauti ya Siba haikosekani katika kizazi chochote. Kila mara huja na hoja ya gharama au ya udanganyifu: fedha ni chache, hawa wanapewa kupita kiasi, wengine wanajifanya. Huenda hoja nyingine zina ukweli ndani yake, na serikali ina haki ya kukagua matumizi. Kosa la Daudi halikuwa kukagua. Kosa lake lilikuwa kukata kabla ya kumsikia anayekatwa.

Kwetu nyumbani

Makanisa ya Tanzania yalianza kazi hii mapema. Mwaka 1950 Waanglikana walifungua shule ya wasioona Buigiri, Dodoma. Mwaka 1963 Walutheri tukaanzisha shule ya wasioona Irente, Lushoto. Mwaka 2007, katika milima hiyohiyo, Kanisa lilianzisha chuo kikuu kishiriki chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, kikiipa elimu maalumu nafasi ya mbele. Watoto waliofundishwa nukta nundu na wamisionari na walimu wetu walikua, wakafaulu, wakabisha hodi vyuo vikuu. Hapo uwezo wa sadaka ulifika mwisho. Mkalimani wa lugha ya alama kwa miaka mitatu halipwi kwa changizo la Jumapili moja.

Nchi yetu imeshaweka msingi. Mwaka 2009 Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Ibara yake ya 24 inataja elimu ya juu na inadai marekebisho yanayomwezesha mwanafunzi kusoma sawa na wengine. Mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Bodi ya Mikopo ilikuwa imeshaundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Hata hivyo, kama tulivyoona, kati ya sheria na darasa kuna kanuni, fungu la bajeti, na ofisa wa kulitoa kwa wakati.

Wapo washarika wanaouliza kwa nia njema: vijana wengi wazima nao hawana mikopo, mabweni hayatoshi, kwa nini hawa wapewe zaidi? Tufikirie wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza wanaopata fedha sawa za chakula, malazi na vitabu. Mmoja anaona, mwingine haoni. Wa pili atamlipa msomaji, atanunua karatasi nene za nukta nundu, atalipa bodaboda pale mwenzake anapotembea. Kama hana fungu la ziada, gharama hizo zitatoka kwenye chakula chake. Kwenye karatasi wamepewa sawa, lakini mmoja anasoma akiwa ameshiba na mwingine anasoma kwa njaa. Fungu la ziada halimwinui juu ya mwenzake. Linamfikisha pale mwenzake alipoanzia.

Wengine husema diakonia ya Kanisa inatosha. Diakonia ni wito wetu, na hatutauacha. Lakini harambee hufuata huruma ya siku: mwaka huu mtoto wa mzee wa kanisa anachangiwa, mwakani wa mjane wa mtaa wa pili anasahauliwa. Masomo yanahitaji kitu kinachofika kila muhula, bila mwanafunzi kulazimika kusimama mbele ya watu na kusimulia ulemavu wake ili ahurumiwe. Mungu alipotuita kwa ubatizo hakutudai tuthibitishe faida yetu kwanza. Kanisa linalohubiri neema hiyo haliwezi kukubali kijana apimwe kwa swali la kama atarudisha gharama.

Basi kila usharika una lake la kufanya. Tuwajue kwa majina wanafunzi wenye ulemavu waliotoka kwetu wakaenda vyuoni, na tuwaulize wao, si wazazi wao tu, wanapata nini na wanakosa nini. Wakati wa Bunge la Bajeti tumuulize mbunge wetu fungu lao liko wapi na kama lilitolewa lote mwaka uliopita. Tukisikia kwamba linataka kupunguzwa, tuombe jambo moja kabla ya mengine: wenyewe waitwe wasikilizwe. Tuwasaidie nauli ya kwenda kusema, na mahali pa kulala watakapofika mjini. Na vyuo vyetu wenyewe vya Kanisa, hata pale ambapo hakuna anayetukagua, viwe vya kwanza kuweka njia ya kiti mwendo na kumwajiri mkalimani.

Sanduku la Leisnig lilihitaji funguo nne. Fungu la mwanafunzi mwenye ulemavu nalo lilindwe na serikali, chuo, Kanisa na mwanafunzi mwenyewe, kila mmoja akishika ufunguo wake. Kwa muda mrefu ule wa mwanafunzi ndio uliokosekana.